Gari Naliacha Wapi? Mwongozo Kamili wa Maegesho ya Geokashi Dodoma na Kanda ya Kati

Simu haijui korongo. Ukiipa namba za kopo lililofichwa kwenye mawe ya mlima, inatafuta barabara iliyo karibu zaidi na namba hizo na kukupeleka huko, hata kama barabara yenyewe iko nyuma ya mlima, ng'ambo ya uzio wa reli ya SGR, au inaishia uani kwa mtu. Mtafutaji anashuka, mshale wa simu unamwambia zimebaki mita 180, na mbele yake kuna genge la mwamba. Anarudi kwenye gari, anajaribu upande mwingine, anazama kwenye mchanga. Usumbufu wote huo ungeepukika kama aliyeficha kopo angeandika mistari mitano ya maegesho.

Kwa asiyeujua mchezo: geokashi ni kopo au kiboksi chenye daftari ndani. Mtu analificha, anatangaza namba zake za GPS, wengine wanalitafuta, wanasaini daftari na kulirudisha lilipokuwa. Ulianzia jimbo la Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuharibu makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Kwenye ukurasa wa kila kopo katika tovuti ya mchezo, mwenye kopo anaruhusiwa kuongeza nukta za ziada, na moja ya nukta hizo ni ya maegesho, yenye alama ya herufi P kwenye ramani.

Wengi wanaijaza hiyo P kwa kubonyeza mahali popote peupe kwenye picha ya setilaiti. Ulaya huenda ikakubali. Huku kwetu hakuna uwanja usio na mwenyewe, na maegesho yasiyo na mtu aliyekubali si maegesho bado. Kwa hiyo mwongozo huu, ingawa unaanza kwenye ramani, sehemu yake kubwa inafanyika kwa miguu na kwa salamu.

Hatua ya kwanza: chagua upande

Kabla hujatoka nyumbani, fungua picha za setilaiti na uangalie kopo lako linafikiwa kutokea wapi. Usitafute barabara iliyo karibu zaidi. Tafuta ile ambayo gari dogo linapita, lina mahali pa kugeuzia, na kutoka hapo kuna njia ya miguu ambayo watu wanaitumia kweli. Njia ya miguu yenye watu ina faida kubwa: haifungwi na miiba, na mgeni akipotea ana wa kumuuliza.

Tazama na tarehe ya picha. Dodoma inabadilika upesi. Barabara ya mzunguko wa nje pekee ina kilomita 112.3, na ujenzi wake umekata njia nyingi za mashambani. Uzio wa SGR nao umefanya njia za zamani ziishie hewani. Kijiji unakiona ng'ambo, lakini kivuko kiko mbele huko, na ramani ya simu huenda haina habari.

Kuna sehemu za kuziondoa moja kwa moja, bila kujadili. Kambi za jeshi na polisi, makazi ya viongozi, eneo la Bunge, Ikulu ya Chamwino, majengo ya wizara Mtumba, vituo vya umeme na eneo la reli. Ukuta wa bwawa la Mtera pia: barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapita juu yake, mandhari yanavutia, na ndiyo maana watu wanashawishika kusimama. Usiweke P pale. Na shule za msingi. Mgeni anayezungukazunguka karibu na watoto huku akichungulia vichakani hatapata muda wa kueleza kwamba anatafuta kopo.

Hatua ya pili: mtafute mwenye uwanja

Hapa ndipo kazi ilipo. Picha ya setilaiti itakuonyesha duara jeupe, safi, kando ya nyumba tatu, na utasema hapa magari sita yanaenea. Fika Juni uone. Duara lile ni uwanja wa kupuria mtama, limefagiliwa kwa mkono, na mwenye nyumba hatafurahi kukuta alama za matairi juu yake. Duara jingine litakuwa zizi la zamani. Mvua ikinyesha, samadi ile inameza tairi mpaka nusu.

Nenda ukiwa na kopo mkononi, tupu, na daftari lake. Salimia kwanza, na ukiwa Ugogoni "mbukwenyi" inafungua milango kuliko kitambulisho chochote. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kupima?"

Usicheke. Dodoma mtu anayetembea polepole, simu mkononi, akitazama ardhi, ni mpima viwanja mpaka ajieleze. CDA, mamlaka iliyokuwa ikipima na kugawa viwanja vya Dodoma, ilivunjwa mwaka 2017, lakini hofu ya viwanja haikuvunjwa nayo. Jibu palepale: "Hapana mzee, hatupimi wala hatununui. Ni mchezo." Mfungulie kopo aone daftari na penseli. Mweleze kwamba watakuja watu wachache, wengine wageni wa nje, watapanda mlimani saa moja au mbili kisha waondoke, na kwamba unaomba gari lao likae hapa. Kwa sababu hiyohiyo, usifiche kitu chochote kwenye bikoni ya kiwanja au karibu nayo.

Akikubali, muulize siku ambazo hapafai. Swali hili watu wanalisahau na ndilo lenye faida kuliko yote. Atakuambia: Jumapili hapana, waumini wanajaa. Au wakati wa mavuno ya zabibu hapana, malori yanapita hapa. Au saa sita ng'ombe wanashuka lamboni na njia yao ni hii uliyosimama. Kundi la ng'ombe halizunguki gari; linalipapasa kwa pembe na kuendelea. Andika majibu yake kama alivyoyasema.

Kisha pita kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, au kwa mtendaji. Mwenye uwanja ametoa uwanja, lakini mgeni akitiliwa shaka watu watampeleka kwa mwenyekiti, na ni vizuri awe amelisikia jambo hili kabla. Dakika kumi zinatosha.

Kuhusu pesa, msimamo wangu ni huu: usiandike kiasi chochote kwenye ukurasa. Ukiandika "mpe mlinzi elfu mbili", ndani ya miezi michache imekuwa nauli, na asiyekuwa nayo anaonekana mkorofi. Mgeni mwenye adabu ataacha pesa ya maji mwenyewe. Pia usiandike "paki dukani kwa fulani na ununue soda". Kanuni za mchezo zinakataza kopo linalofanana na tangazo la biashara, na mkaguzi wa kujitolea atakurudishia ukurasa. Ada halali ya kuingia au ya kuegesha ni jambo tofauti. Hiyo inatajwa, na ina alama yake.

Mjini, barabarani, na kwenye mambo ya kale

Mjini hakuna mzee wa kumsalimia, kuna TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mitaa ya katikati ina maegesho ya kulipia kando ya barabara, mhudumu anaingiza namba ya gari kwenye mashine, na malipo yanafanyika kwa namba ya kumbukumbu. Waeleze wageni jambo moja wasilolijua: deni linakaa kwenye namba ya gari. Mgeni aliyekodi gari akiondoka bila kulipa, bili inamfuata mwenye gari. Kama una makopo kadhaa kuzunguka Nyerere Square na maeneo ya jirani, usiweke P kwa kila moja. Weka moja, na uwaambie watu watembee.

Barabara kuu zinahitaji uangalifu wa aina nyingine. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa hiyo eneo pana unaloliona kando ya lami ni la TANROADS, wakala wa barabara kuu, si la kijiji, wala si maegesho. Bega la barabara ni la dharura. Njia ya Dodoma kwenda Singida inabeba malori ya Rwanda, Burundi na Kongo usiku na mchana, na gari dogo lililosimama begani giza likiingia ni hatari kwa kila mtu. Tafuta mchepuo unaoingia kijijini, ingia mita mia moja hivi, kisha anza upya na salamu.

Upande wa Kondoa, watu wanafikiria michoro ya miambani mara moja. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, sasa ni lami, na Kolo iko juu yake. Michoro imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006. Utaratibu ni kujiandikisha ofisini Kolo na kupanda na mwongozaji, kwa hiyo P yako ni ofisi hiyo, hata kama mapango yako mbali nayo. Kopo lisifichwe kati ya michoro kabisa. Kuna aina ya geokashi isiyo na kopo, inayofundisha jiolojia kwa maswali, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia wa Marekani. Kwa miamba yetu ya matale hiyo inafaa sana, na bado itahitaji ruhusa ya wenye eneo.

Hatua ya tatu: chukua namba ukiwa kwenye gari

Simama pale gari lilipo, si pale unapotamani liwe. Acha simu itulie anga likiwa wazi mpaka namba ziache kurukaruka. Chukua, ondoka kidogo, rudi, chukua tena. Zikitofautiana kwa mita tatu nne, ni sawa kwa maegesho.

Mahali pengi pa kukosea ni kwenye mtindo wa kuandika. Mchezo huu unatumia digrii na dakika zenye desimali tatu: S 06° 10.350 E 035° 44.400, mfano wa namba za katikati ya Dodoma. Ramani nyingi za simu zinatumia digrii tupu: -6.17250, 35.74000. Hapo ni mahali pamoja. Lakini mtu akiona 06° 10.350 akaiandika 6.10350, na 35° 44.400 akaifanya 35.444, amempeleka mgeni zaidi ya kilomita 33 magharibi, upande wa Bahi. Ili kubadilisha, chukua dakika, gawanya kwa 60, jumlisha na digrii: 10.350 kwa 60 ni 0.1725, basi.

Angalia na herufi S. Fomu ikibaki na N, P yako itahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Na kwa vile tuko karibu na ikweta, kila tarakimu ya mwisho ya dakika ni kama mita 1.85, uende kusini au uende mashariki, kwa hiyo ni rahisi kukadiria kosa kwa akili.

Hatua ya nne: tembea, kisha uweke nukta ya pili

Kutoka kwenye gari, nenda hadi kwenye kopo kwa njia unayotaka watu wapite. Wengi wanafikiri P inatosha. Haitoshi kama njia ya miguu haionekani ukiwa kwenye gari. Ongeza nukta ya mwanzo wa njia, hasa palipo na mashamba, kwa sababu mtu akifuata mshale atakata katikati ya mtama. Nukta hizi mbili si makopo, hazihesabiki kwenye sharti la mita 161 kati ya kopo na kopo, basi usizionee ubahili. Ziache zionekane kwa wote. Za kuficha ni zile za mafumbo, ambazo mtafutaji anatakiwa azigundue mwenyewe.

Ukiwa njiani tazama kivuli cha gari. Kivuli cha saa nne asubuhi si kivuli cha saa tisa. Mti ukiwa mashariki mwa gari unakusaidia mpaka adhuhuri tu, baada ya hapo gari linakuwa tanuri. Mbuyu una kivuli kizuri ukiwa na majani, lakini inua macho kwanza: buyu likidondoka kutoka juu linapasua kioo, na mashimo ya mibuyu mikubwa ni makazi ya nyuki. Mimi huwa napendelea mkwaju.

Hatua ya tano: fikiria mvua

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba mwishoni hadi Aprili, na maegesho yaliyochaguliwa Agosti hayana maana Januari mpaka uyajaribu. Vitu viwili vinaua.

Cha kwanza ni mto wa mchanga. Kiangazi unaonekana kama barabara pana, tambarare, yenye kivuli kingoni, na watu wanapaki humo. Mvua ikinyesha milimani, maji yanashuka huku juu yako jua likiwaka, na yanafika kwa mkupuo. Usiweke P ndani ya korongo, wala ng'ambo ya korongo lisilo na daraja, hata kama wenyeji wanavuka. Wao wanajua kusikiliza maji, mgeni hajui.

Cha pili ni udongo mweusi wa mbugani. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ukilowa unageuka gundi. Ujue mapema kwa rangi na kwa nyufa hizo. Kichanga chekundu chenye kokoto ni salama zaidi. Kama njia yako inapita mbugani hata mita hamsini tu, weka maegesho mawili: P1 ya kiangazi na P2 pembeni kwenye ardhi ngumu kwa ajili ya masika, na useme wazi miezi yake.

Hatua ya sita: andika

Andika kama unamwelekeza shemeji anayekuja mara ya kwanza. Huu hapa mfano wa kubuni, wa kijiji kimoja upande wa Hombolo:

"P1, chini ya mkwaju nyuma ya kanisa. Magari madogo manne yanaenea; Coaster haigeuki. Kutoka lami ni kilomita 1.4 za vumbi. Mei hadi Novemba gari lolote linafika. Desemba hadi Aprili tumia P2. Jumapili kabla ya saa saba mchana usipaki, uwanja ni wa waumini. Msalimie mzee wa nyumba ya bati jekundu, ametoa ruhusa. Hakuna ada. Kivuli kipo kuanzia saa saba. Njia ya miguu inaanza kushoto mwa ghala, usikate shambani. Mtandao upo kwenye gari, unapotea ukipita jiwe kubwa la kwanza. Kwa bodaboda sema: kanisani, kwenye mkwaju."

Jina la mzee na namba yake ya simu hazimo, hata kama amekupa. Nyumba yake imeelezwa inatosha. Andika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa vile wengi wa watafutaji ni wageni, lakini majina ya mahali yaache kama wenyeji wanavyoyatamka.

Sentensi ile ya bodaboda si mapambo. Watafutaji wengi huku hawana gari. Dereva wa boda hatafuti namba, anatafuta jina: njia panda fulani, kwenye mnara, kwa bibi wa chai. Muulize dereva wa kijiweni mwenyewe anapaitaje kabla hujaandika. Na kama mtandao haupo kule juu, sema watu wapatane na boda kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kusubiri, kabla hawajapanda. Wakishashushwa ndani ya kilomita sita za vumbi, bei inakuwa ya dereva.

Alama za ukurasani zijazwe kwa ukweli: maegesho karibu, ada, miiba, wanyama au wadudu hatari. Daraja la ugumu wa ardhi lianze kuhesabiwa mtu anaposhuka garini. Daraja 1 ni kwa kiti cha magurudumu kinachofika kuanzia garini hadi kwenye kopo, jambo ambalo kwenye mawe ya Dodoma ni adimu, kwa hiyo usilitoe kama zawadi.

Baada ya kutangaza

Pita mara mbili kwa mwaka, mvua zikikaribia na zikiisha. Msalimie mwenye uwanja hata kama hakuna tatizo. Amepata mkwe, amejenga, ameuza, amezungushia miba. Yote hayo yanabadilisha P yako na hakuna atakayekupigia simu. Mtafutaji akiandika kwamba alifukuzwa au alikuta geti, simamisha kopo siku hiyohiyo mpaka ufike mwenyewe, usisubiri la pili. Ukiamua kulifunga kabisa, toa kopo mawe yabaki kama yalivyokuwa, kisha nenda kamwambie mzee wa bati jekundu kwamba wageni hawatakuja tena, maana yeye ataendelea kuwasubiri.